USIISHIE MARA YA SITA!

Kijana mwenzangu!

Karatasi hii umepewa bure. Labda umeipokea huku macho yako yako kwenye spika na kwaya. Labda hujaingia kanisani tangu ulipokuwa mtoto, au hujaingia kabisa. Hata hivyo usiitupe, wala usifungie karanga. ISOME KWANZA! Dakika kumi tu, basi.

Leo nasema na kila kijana wa Kagerankanda, na wa Kasulu na Kibondo yote. Lakini kuna mmoja ninayemtafuta hasa. Ni wewe uliyefunga kitambaa shingoni ili watu wasione kovu. Ulikuwa na uvimbe, wakasema ni goita tu. Ukapimwa, ukaambiwa ni SARATANI. Ukapasuliwa, tezi ikatolewa, ukarudi nyumbani. Sasa umeandikiwa tarehe ya kurudi kwa matibabu mengine, tena mbali, Dar es Salaam. Na moyoni unajiuliza: "Si wameshaitoa? Ya nini tena kurudi?"

Au siyo wewe. Ni dada yako, ni rafiki yako, ni msichana wa jirani. Basi soma kwa ajili yake.

JEMADARI ALIYETAKA KUPUNGIWA MKONO

Katika Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 5, kuna mtu mmoja anaitwa Naamani. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu. Mkubwa! Ana farasi, ana fedha, ana walinzi. Lakini alikuwa na ukoma. Vazi la vita lilificha ugonjwa, halikuuponya.

Nani alimwonyesha njia? Siyo mfalme, wala siyo majenerali wenzake. Ni kasichana kadogo, mateka, mtumwa wa mke wake. Kijana, usijidharau. Neno la mtoto mmoja asiye na cheo liliokoa maisha ya mkubwa.

Naamani akafika kwa nabii Elisha na magari yake. Elisha hata hakutoka nje! Alimtuma mtu amwambie akaoge mtoni Yordani, mara saba. Naamani akawaka hasira. Yeye alidhani nabii atatoka, atasimama mbele ya watu, ataomba kwa sauti, atapunga mkono juu ya ule ugonjwa, mara moja, KWISHA! Badala yake anaambiwa habari za maji, tena maji ya mto mdogo. Kwao kulikuwa na mito mizuri zaidi. Ni sawa na kumwambia mtu wa huku aiache Malagarasi akaoge kwenye kijito cha ugenini.

Vijana wengi mnaokuja kwenye mkutano wa Injili mnataka hivyo hivyo. Mkono upungwe, jambo liishe leo. Mungu anaweza kufanya hivyo, nami naliamini hilo. Lakini Mungu huyo huyo alimpeleka Naamani mtoni, akamhesabia mara saba.

Sasa fikiri. Naamani amezama mara ya kwanza: bado. Ya pili: bado. Ya tatu, ya nne, ya tano: bado. Mara ya SITA anatoka majini, anaangalia mkono wake. Je, kama angesema, "Mimi nimechoka, sita zinatosha, narudi kwetu"? Angerudi na ukoma wake! Na watu wangesema Mungu wa Elisha hana nguvu, kumbe mtu mwenyewe aliishia njiani.

Ndugu yangu, dada yangu, kupasuliwa kwako kulikuwa ni kuzama mtoni. Mara ya saba huenda bado. USIISHIE MARA YA SITA!

SHINGO ZETU NA UDONGO WETU

Wengine watakuambia umerogwa. Eti jirani amekutupia kitu shingoni kwa ajili ya shamba la mahindi. Sikiliza ukweli.

Shingoni, chini kidogo ya koo, Mungu ameweka tezi ndogo yenye umbo kama kipepeo. Madaktari wanaiita thairoidi. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayouendesha mwili: joto lako, mapigo ya moyo, nguvu, akili, ukuaji wa mtoto. Ili ifanye kazi inahitaji iodini, ile ambayo sisi Tanzania tunaiita MADINI JOTO. Sehemu za milimani, mvua ya miaka mingi imeyasomba madini hayo kutoka kwenye udongo. Chakula kinachoota hapo kinakuwa nayo machache. Tezi inahangaika, inavimba. Hiyo ndiyo goita, au rovu. Ni UPUNGUFU, siyo uchawi. Ndiyo maana serikali ikasisitiza chumvi yenye madini joto tangu miaka ya 1990. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta goita kwa karibu watoto 7 tu wa shule katika kila 100, na miaka ya 1980 walikuwa wengi zaidi sana.

Uvimbe mwingi wa shingo SIYO saratani. Usife kwa hofu. Lakini uvimbe unaokua haraka, ulio mgumu kama jiwe, unaobadili sauti ikawa ya kukwaruza, unaozuia kumeza au kupumua, au unaoambatana na matezi mengine ubavuni mwa shingo, huo usikae nao hata wiki. Nenda Kabanga, nenda hospitali ya wilaya, nenda Maweni pale Kigoma. Watapima kwa mashine na kwa sindano nyembamba, au watakuelekeza penye vipimo hivyo. Usikubali mtu akuchanje chale shingoni kwa wembe! Hapo pana mishipa mikubwa ya damu.

Saratani ya thairoidi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na huwapata hata vijana. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole, na ikitibiwa mapema na KIKAMILIFU wengi sana wanaishi miaka mingi, wanaoa, wanaolewa, wanazaa, wanazeeka. Umesikia? Kuambiwa saratani siyo kuandikiwa kaburi.

DAKTARI ALIYEOMBA NA KUPASUA

Si sisi tu wenye milima. Uswisi huko Ulaya ni nchi ya milima, na zamani shingo zilizovimba zilikuwa kila kijiji. Huko Bern alikuwako daktari mpasuaji, Theodor Kocher, aliyezaliwa mwaka 1841. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu, mama yake alikuwa Mmoravian, watu wa kanisa lile lile lililohubiri Injili hadi Tabora na Urambo. Siku zile kupasuliwa shingo kulikuwa karibu sawa na kufa. Kocher alipasua polepole, kwa usafi, akizuia kila tone la damu. Akaendelea hadi vifo vikapungua chini ya mgonjwa mmoja kwa mia. Mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kuna jambo zito hapa. Mwaka 1883 Kocher alieleza wazi mbele ya madaktari wenzake kwamba baadhi ya wagonjwa aliowatoa tezi yote walirudi kwao, kidonda kikapona vizuri, halafu wakaanza kuvimba uso, kusikia baridi, kuwa wazito wa akili na mwili. KIDONDA KIMEPONA, MTU HAJAPONA! Mwili ulikuwa umekosa ile homoni.

Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimtibu mama mmoja mwenye hali hiyo kwa maji yaliyotolewa kwenye tezi ya KONDOO. Yule mama aliishi miaka 28 zaidi. Kijana, unaona? Uhai wa mtu ulitoka kwa kondoo. Sisi wahubiri tukisikia hivyo tunajua habari nyingine ya Mwana-Kondoo, nitafika huko.

Leo huhitaji kondoo. Kuna kidonge kinaitwa levothairoksini. Aliyetolewa tezi yote anakimeza kila siku, MAISHA YAKE YOTE. Asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, halafu subiri nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Kama unapewa pia vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu, usivimeze pamoja nacho, achanisha kwa saa nne. Kumeza kidonge hiki siyo upungufu wa imani. Mbona unakula ugali kila siku na husemi umekosa imani?

SIKU ZA KWANZA BAADA YA KUPASULIWA

Wewe uliyerudi majuzi, angalia mambo haya.

1. SAUTI. Mishipa ya fahamu ya sauti inapita karibu kabisa na tezi. Sauti ikikwaruza au ikiwa ndogo, mara nyingi inarudi baada ya wiki au miezi. Ikikawia, mwambie daktari. Usijifiche. Hata kama huwezi kuimba kwaya sasa, Mungu anasikia mnong'ono. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikichezacheza bila sauti, na akajibiwa (1 Samweli 1).

2. GANZI. Nyuma ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo kama punje ya mchele, vinavyolinda kalsiamu ya damu. Vikiguswa, utasikia ganzi au kuchomachoma midomoni na vidoleni, misuli inakaza. Hiyo siyo pepo! Kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo, unahitaji kalsiamu.

3. KIDONDA. Kikivimba ghafla, kikitoa usaha, ukipata homa au kupumua kwa shida, usingoje kesho.

4. MWILI. Usibebe ndoo wala kuni, usilime kwanza. Wenzako nyumbani, mpeni nafasi. Siyo mvivu huyo, amekatwa shingo!

KUJIANDAA KWA MARA YA SABA

Sasa ile safari. Siyo kila mgonjwa anaihitaji, daktari wako ndiye anayeamua baada ya kuona majibu ya kinyama kilichopelekwa maabara. Lakini wengi huambiwa wapewe IODINI YENYE MIONZI, iodini 131. Tanzania tiba hiyo hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pale ufukweni, kwenye majengo ya tangu wakati wa Mjerumani, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996.

Inafanyaje kazi? Chembe za thairoidi zina njaa ya iodini kuliko chembe nyingine za mwili. Daktari wa upasuaji anatoa anachokiona kwa macho. Zikibaki chembe chache zimejificha, hazionekani. Basi unameza iodini yenye mionzi, kidonge au maji. Zile chembe zinaikimbilia kuila kama kawaida yao, na mionzi inaziua hapo hapo. Adui anakamatwa kwa ulafi wake mwenyewe!

Mwaka 1986 mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka, iodini hiyo hiyo ikaingia kwenye maziwa, na watoto maelfu baadaye wakapata saratani ya thairoidi. Kitu kile kile kilichoumiza, kikiwa mkononi mwa mjuzi, kwa kipimo, kinaponya. Soma Hesabu 21. Watu waliumwa na nyoka, na Mungu akamwambia Musa atengeneze nini? Nyoka wa shaba, watu wamtazame wapone.

Ili tiba ifanye kazi, zile chembe lazima zishikwe na njaa. Hapo ndipo maandalizi yanapokuja:

– Kwa wiki moja au mbili utaambiwa UACHE chumvi yenye madini joto. Ndiyo, ile ile ambayo watu wote wanashauriwa kuitumia! Ni kwa siku hizo tu, kwa mgonjwa huyo tu. Familia yako waendelee nayo.

– Utaacha samaki wa baharini, maziwa, mayai, na vyakula vya dukani vilivyotiwa chumvi. Habari za dagaa na migebuka yetu ya Ziwa Tanganyika, muulize daktari. Unabaki na nini? Ugali, maharage, ndizi, viazi, mboga za majani, matunda. Si chakula chetu hicho? Pika bila ile chumvi tu.

– Huenda ukaambiwa usimamishe levothairoksini kwa wiki tatu au nne. Hapo utachoka, utasikia baridi, choo kitakuwa kigumu, moyo utakuwa mzito, utalia bila sababu. Jua mapema: ni homoni imeshuka, siyo Mungu amekuacha. Usisimamishe kwa akili yako wala kwa neno la mtu yeyote, ila daktari akuambie.

– Dada, kama una mimba au unadhani unayo, SEMA. Tiba hii haitolewi kwa mjamzito. Anayenyonyesha anaachisha wiki kadhaa kabla. Baada ya tiba hutashika mimba kwa miezi sita au zaidi, kama utakavyoelekezwa.

– Mwambie daktari dawa zote unazotumia na picha za mashine ulizopigwa kwa kuchomwa dawa ya mshipa. Nyingine zina iodini ndani yake.

– Ukishameza, utakaa chumba cha peke yako siku kadhaa. Utakunywa maji mengi na kwenda haja mara kwa mara. Ukirudi, utalala peke yako, hutabeba watoto wala kukaa karibu na wajawazito kwa muda utakaoambiwa. Nguvu ya iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8. Kama kwenu ni choo cha shimo, au mnalala watu watano chumba kimoja, eleza KABLA. Uliza pia lini unaruhusiwa kupanda basi au treni, maana kutoka Dar mpaka Kasulu siyo safari ya saa mbili, na utakaa bega kwa bega na watu. Weka nauli na fedha ya siku za kungoja.

Fedha hakuna? Mweleze ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Waambie wazazi, waambie kanisa, hata kama wewe si mshirika. Na sisi tuliookoka, tusiimbe tu! Anayeuza gunia la maharage kumpatia mgonjwa nauli amehubiri kuliko spika.

"NIMEOMBEWA, NIMEPONA, NATUPA DAWA"

Hapa sikiliza kwa makini, maana hapa watu wanakufa.

Umeombewa, ukasikia joto shingoni, ukaanguka, ukaamka mwepesi. Haleluya! Sasa mtu anakunong'oneza: "Ukirudi hospitali umemkana Mungu." HUO NI UONGO. Wale wenye ukoma kumi katika Luka 17, Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, wapimwaji wa siku zile. Walitakasika WAKIWA NJIANI kwenda kupimwa! Mfalme Hezekia aliomba, akalia, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Maombi na dawa siku moja, nyumba moja. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, Paulo anamwita mpendwa (Wakolosai 4).

Kama Mungu amekuponya kwa muujiza, kipimo hakitamwaibisha. Nenda! Damu ipimwe, shingo ipimwe, daktari mwenyewe aseme. Muujiza hauogopi maabara. Na kama bado kuna chembe zimebaki, basi Mungu amekufikisha mahali penye dawa kabla hazijaenda mapafuni na mifupani. Huo nao ni wema wake.

CHUMBA CHA PEKE YAKO

Najua unachoogopa zaidi. Siyo kidonge. Ni kile chumba. Hakuna wa kukushika mkono, mlango umefungwa, chakula kinaachwa mlangoni. Kule Mambo ya Walawi mwenye ukoma alikaa nje ya kambi, peke yake. Lakini kuna mmoja aliyetoka nje ya kambi akamfuata. Yesu alimgusa mwenye ukoma (Marko 1). Watu wote walirudi nyuma, yeye akanyoosha mkono. Na mwisho alisulubishwa nje ya mji. Huyo ndiye Mwana-Kondoo niliyesema. Mlango wa hospitali haumzuii, mionzi haimwogopeshi.

Na wewe mzima unayesoma, usiye na uvimbe wowote, usijidanganye. Kuna uvimbe hauonekani shingoni. Pombe ya kila jioni, uzinzi wa siri, chuki na ndugu yako. Umeshafunika na kitambaa kizuri kama vazi la Naamani. Wengine mmeanza kuacha, mmezama mara tatu, mara nne, mkarudi nyuma. Toba ya nusu haiponyi. MALIZA!

Kama unataka Yesu aanze kazi hiyo leo, sema naye hapo hapo ulipo, kwa maneno yako, au hivi: "Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejificha, nimechoka. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, ingia maishani mwangu. Nipe moyo wa kutii hata mara ya saba. Kama natibiwa, nishike mkono mpaka mwisho. Amina."

Umeomba? Basi mwambie mtu mmoja leo. Tafuta kanisa linalohubiri Neno karibu na kwenu. Na kama una tarehe ya hospitali, toa kile kikadi ulikokificha, kiweke mahali pa kuonekana, mwonyeshe mama au kaka, mpange nauli LEO, siyo kesho kutwa.

Naamani alizama mara ya saba, na ngozi yake ikarudi kuwa laini kama ya mtoto mdogo. Mto ulikuwa ule ule wa mara ya sita. Tofauti ni kwamba alizama tena.

Ukimaliza kusoma, usiichane. MPE MWINGINE.